Ile Barakoa Yako Umeitupa?

Kuna mzee ninayemnyoa kila Alhamisi jioni, ajiandae na Ijumaa. Siku moja alikaa kwenye kiti, nikamfunga shuka shingoni, na kabla sijawasha mashine akaniuliza, "Mwanangu, ile barakoa yako ya wakati wa korona umeitupa?"

Nikacheka. Nikamwambia korona si imeshapita, mzee wangu.

"Imepita," akasema, "lakini ilikuwa inakupendeza."

Nikamnyoa, nikampaka spiriti, akalipa, akaenda zake. Mimi nikabaki najitazama kwenye kioo nikijiona kweli mtu wa kupendeza. Fumbo lile lilinichukua miezi kama mitano kulifumbua. Sisi watu wa Tanga jambo la aibu hatulisemi likiwa uchi. Tunalivisha kwanza, kisha tunakuachia ulivue mwenyewe, na ukiwa mzito wa kuelewa kama mimi, shauri yako.

Nimekuwa kinyozi Ngamiani, hapa Tanga mjini, zaidi ya miaka kumi na mitano. Kazi hii unaifanya uso kwa uso. Ukichonga ndevu za mtu, pua yako na yake zinaachana kwa upana wa kiganja, na mkono wako wa kushoto uko begani au tayani unaivuta ngozi. Kwa hiyo pumzi ya mteja naijua kwa mkono. Najua anayepumua harakaharaka kwa sababu anaogopa wembe, najua anayeelekea kusinzia. Na nilikuwa nimeona kwa muda mrefu kwamba wateja wangu, nikiinama kufanya ndevu, kifua kinasimama. Bega haliendi juu wala chini. Nikiinuka kusafisha wembe, ndiyo wanashusha pumzi. Nilidhani ni woga wa wembe, na nikajisifu kwamba mkono wangu mwepesi.

Kilichonizindua ni bwana harusi mmoja. Alikuja na wenzake watatu siku moja kabla ya ndoa, akakaa kwangu, nikamtoa kichwa vizuri. Nilipochukua wembe akasema kwa upole, "Kaka, ndevu anifanyie huyu kijana." Huyu kijana ni mwanafunzi wangu, wakati huo hana hata mwaka kazini. Ndevu za bwana harusi ni kazi ya fundi, kila mtu anajua. Na huyo alikuwa wa tatu ndani ya mwezi mmoja kumtaka kijana kwenye ndevu.

Usiku ule nikamwuliza mke wangu, moja kwa moja, kama kinywa changu kinanuka. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Baba watoto, nilidhani unajua."

Akanikumbusha karafuu. Zaidi ya mwaka, chai yangu ya jioni ilikuwa na karafuu. Karafuu kwenye kisahani karibu na kitanda, eti ya kufukuza mbu. Hiliki nzima ndani ya mfuko wa shati langu la kazini, ambayo nilifikiri imedondoka kutoka kwenye mfuko wa sokoni. Yote yale yalikuwa barua, nami sikuwahi kufungua hata moja. Niseme ukweli, nilikasirika kwanza. Nilimwambia mke wa mtu hapaswi kumwacha mumewe atembee hivyo. Akaniambia, "Nikuambie vipi? Wewe ungeniambia mimi?" Sikuwa na jibu.

Jambo ambalo sikulielewa ni vipi mimi mwenyewe sikusikia chochote. Napuliza kwenye viganja, nanusa, hakuna kitu. Baadaye ndiyo nilielezwa kwamba pua huzoea harufu inayokaa nayo muda wote na kuacha kuitangaza. Muuza samaki hasikii samaki, na mimi sisikii spiriti ya saluni yangu ambayo mteja akiingia tu inamkaribisha mlangoni. Kinywa kiko chini ya pua mchana na usiku.

Basi nikaanza kujitibu, na hapa ndipo nilipopoteza pesa. Kila niliyemgusia, hata kwa kuzunguka, alisema tumbo. "Hilo tumbo limechafuka." Nikanywa dawa ya minyoo. Nikanywa unga wa mwarobaini mpaka ulimi ukasahau ladha ya sukari. Habasoda na asali, alfajiri kabla ya kula. Nikaenda zahanati moja, nikapimwa, nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo, nikapewa vidonge vya siku kumi na nne, aina tatu kwa pamoja, mbili kati yake za kuua bakteria.

Na zilifanya kazi! Hilo ndilo lililonipotosha kuliko yote. Wiki ya pili mke wangu alisema kuna nafuu kubwa. Wateja wakaanza kupumua. Nikatangaza ushindi, nikawashauri na watu wawili wengine wakapime tumbo. Wiki tatu baada ya kumaliza dozi, mabega yakasimama tena chini ya mkono wangu.

Nikarudia dozi, safari hii bila kuandikiwa na mtu, nimenunua tu dirishani. Sishauri mtu yeyote afanye hivyo. Ikawa vilevile, nafuu kisha kurudi pale pale.

Ramadhani ilipoingia nikapumzika. Mwezi ule sote tumefunga, mate yamepungua, vinywa vimekauka, na tunajua hadithi ya Mtume kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga ni njema mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko miski. Hakuna aliyeniona wa ajabu. Nilinyoa mwezi mzima nikiwa mmoja kati ya wengi. Nakumbuka usiku wa kuamkia Idi, saluni imejaa mpaka nje, kila mtu furaha, mimi peke yangu roho inaniuma kwamba kesho watu watakula, vinywa vyao vitapona, na mimi nitabaki.

Kwa daktari wa meno nilikwenda kwa jambo jingine. Gego la mwisho chini kushoto lilikuwa linauma nikitafuna nyama, nikataka ling'olewe. Sikutaja harufu. Daktari, mwanamama wa makamo, alinifungua mdomo, akatazama kidogo, akaniuliza, "Ukipiga mswaki unatoka damu?" Nikamwambia ndiyo, tangu zamani, ndiyo fizi zangu zilivyo. Akasema, "Mikono yako ingekuwa inatoka damu kila ukiinawa, ungesema ndiyo ilivyo?"

Kisha akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakiteremsha kati ya ufizi na jino, jino kwa jino, huku akimsomea msaidizi wake namba: tatu, mbili, tatu, tano, sita, sita. Kama anayehesabu kete kwenye mashimo ya bao. Ufizi wenye afya, alinieleza, umeshikana na jino kiasi kwamba kile kijiti kinazama milimita moja mpaka tatu, basi. Mimi huko nyuma kulikuwa na mashimo ya sita. Kwenye shimo la sita mswaki haufiki hata ukisugua kutwa, wala maji ya kusukutua hayafiki, na hewa nayo ni kidogo mno. Bakteria wanaopenda mahali pasipo na hewa wamejenga mji humo.

Akachukua kipande cha kitambaa cheupe cha hospitali, akanishika ulimi, akaufuta kule nyuma kabisa, nikataka kutapika. Kitambaa kikatoka na utando wa manjano. Akakiweka juu ya trei, akaendelea na mengine dakika chache, kisha akakileta puani pangu. "Nusa." Nikanusa. Lilikuwa yai viza. Akapitisha uzi wa meno kati ya magego mawili ya mwisho, ukatoka na damu, akanipa. Huo sitaulinganisha na kitu. "Hiki ndicho anachokisikia mkeo," alisema, na mimi sikuwa nimemtaja mke wangu wala harufu. Nilitaka kiti kinimeze.

Alinieleza huku akifanya kazi, na nimeyarudia maneno yake saluni mara nyingi. Wale bakteria wanakula protini: mabaki ya chakula, chembe zilizokufa za ngozi ya ndani ya mdomo, kamasi inayoteremka kooni, damu ya ufizi. Wakizivunja wanatoa gesi zenye salfa. Moja ndiyo ileile ya yai lililooza. Nyingine inanuka kama kabichi iliyosahaulika kwenye sufuria. Mate ndiyo yanayosafisha uwanja huo mchana, na usiku yanapungua sana, ndiyo maana kila binadamu huamka na mdomo mzito. Huo wa asubuhi unaoondoka kwa mswaki na kifungua kinywa si ugonjwa. Ugonjwa ni ule unaokusindikiza mpaka adhuhuri.

Na tumbo? Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara elfu. Njia ya chakula, akasema, si bomba lililo wazi; imefumba muda wote isipokuwa ukimeza, ukicheua au ukitapika. Tumbo linaweza kuhusika kwa baadhi ya watu, hasa wenye kucheua asidi, lakini kati ya kumi wanaonuka mdomo, wanane mpaka tisa chanzo kiko humohumo mdomoni. Nikamweleza habari ya vidonge vyangu na nafuu yake. Akasema dawa za kuua bakteria haziulizi njia: zilikwenda tumboni na zilipita damuni mpaka kwenye fizi pia. Zilipoisha, ule mji ukajengwa upya kwa sababu nyumba zao zilikuwa bado zimesimama.

Nyumba zenyewe ni ugaga. Mimi nilidhani ugaga ni rangi ya meno yangu. Ni utando laini wa meno ulioachwa siku nyingi, ukashika madini ya mate, ukawa jiwe. Hujaa zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa sababu chini ya ulimi ndipo kwenye mlango wa mate. Jiwe halitoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa magadi. Linatolewa kwa chuma.

Nilikwenda mara mbili, upande wa kulia kisha wa kushoto, kwa sindano ya ganzi. Kuna mashine inayotetemeka na kumwaga maji, sauti yake inaingia mpaka kwenye fuvu, halafu vyuma vya mkono vya kukwangua chini ya ufizi. Kipande kimoja alikiweka kwenye kitambaa nikione. Cha juu ya ufizi kilikuwa cha manjano, lakini hiki kilichotoka chini kilikuwa cheusi, kigumu, kama kijipande cha gamba la chaza. Nilimwomba nikichukue nyumbani. Akakataa. Mpaka leo najutia, maana ningekitundika saluni.

Watu wengi wananiambia wanaogopa kusafishwa kwa sababu kunalegeza meno. Naelewa wanakoitoa. Baada ya siku mbili niligundua nafasi kati ya meno ya mbele ya chini ambayo sikuwa nayo, na maji ya baridi yalinichoma kwa wiki kadhaa. Sifa ya mwanya naijua, lakini huu haukuwa wa kuimbiwa. Ila ile nafasi ilikuwapo zamani. Ilikuwa imezibwa na jiwe, na ufizi uliovimba umenywea baada ya kupona. Kilicholegeza meno ni ugonjwa, ambao unakula mfupa ulioshika jino taratibu na bila maumivu. Gego langu la mwisho halikuokolewa. Liling'olewa.

Alinipa na dawa ya kusukutua ya klorheksidini kwa wiki mbili, si zaidi, akanionya kwamba inayapaka meno rangi ya kahawia, hasa kwa mnywaji wa chai. Mimi mtu wa Tanga niache chai? Yakapakwa. Yalisafishwa niliporudi kuangaliwa baada ya miezi mitatu, na namba za sita nyingi zilikuwa zimeshuka kuwa nne na tatu. Alinipima na sukari pia, kwa sababu kisukari na ugonjwa wa fizi hushikana mikono, kila mmoja humchochea mwenzake. Sukari ilikuwa sawa. Aliongeza kwamba kuna pumzi zisizo za kinywa ambazo si za kusubiri: inayonuka kama tunda lililoiva kupita kiasi kwa mtu mwenye kiu kali na kutapika, au ya mkojo kwa mwenye figo mbovu. Hao ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Yaliyobaki ni kazi ya kila siku, na haina utamu wa kusimulia. Mswaki laini mara mbili, nywele zake zimelalia kwenye mpaka wa ufizi, bila kusugua kama masizi ya sufuria. Vile vijibrashi vidogo vya kupita kati ya jino na jino, kila usiku. Wiki ya kwanza damu ilitoka nikataka kuacha, ya pili ikapungua, ya tatu ikakata. Ulimi nakwangua kwa kijiko cha chai, kutoka nyuma kuja mbele, polepole. Siri ya kutotapika ni kuutoa ulimi nje kabisa na kushusha pumzi wakati kijiko kinapita. Na maji. Nilikuwa nafungua saluni asubuhi na kufika Alasiri nimekunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu na hakuna tone la maji. Mdomo mkavu ni shamba la wale wadudu.

Mswaki wa mti sijauacha. Babu yangu alikufa na meno yake mengi, na jina lenyewe tumelitoa kwa Waarabu pamoja na kijiti chake. Unasafisha upande wa nje vizuri mno. Lakini upande wa ndani wa magego haufiki kirahisi, na mimi ugonjwa wangu ulikuwa huko.

Elimu hii ilinisaidia mahali nisipotarajia. Dada yangu alikuja analalamika kwamba mwanawe wa miaka minne ananuka mdomo vibaya, amempigisha mswaki, amempa dawa ya minyoo, wapi. Nilimpakata mpwa wangu, nikainama kama ninavyoinama kwa wateja. Mdomo ulikuwa mdomo wa mtoto tu. Harufu ilitoka puani, tena tundu moja, la kulia, na kamasi ya manjano upande huohuo. La kushoto kavu. Nilimwambia dada ampeleke hospitali na asijaribu kuchokoa. Walitoa kipande cha sifongo ya godoro. Alikuwa amekitia mwenyewe, siku nyingi, akasahau.

Wateja wangu wanapumua sasa. Nikiinama, bega linapanda na kushuka chini ya mkono wangu, na yule mzee wa Alhamisi mara nyingine husinzia kabisa nikiwa nusu ya ndevu. Barakoa hajaitaja tena. Sikumshukuru, maana ningemshukuru vipi bila kulivua lile alilolivisha?

Kilichonishinda ni upande wa pili. Kuna bodaboda mmoja, kijana mtanashati, ananyoa kwangu kila wiki mbili. Nikimchonga ndevu, mimi ndiye ninayezuia pumzi. Nilifikiria karafuu. Nilifikiria barakoa. Nikaona mafumbo yalinigharimu mimi zaidi ya mwaka, sitamfanyia mwenzangu. Nikamsubiri amalize kulipa, nikamtoa nje pembeni ya ukuta mwanafunzi wangu asisikie, nikamwambia mdogo wangu, mimi nilikuwa na tatizo la fizi, nikawa nanuka mdomo bila kujua, nikapona, na naona na wewe unalo. Nikamtajia daktari alipo.

Aliniangalia kama nimemtukania mama yake. Akawasha pikipiki, akaondoka bila kuchukua chenji.

Sasa ni mwezi wa pili hajaja. Juzi nilimpita kwenye foleni ya duka la dawa, nywele zimemwota, kanyolewa vibaya na mtu mwingine pembeni ya masikio. Alinipungia mkono, nusu. Sikusimama kuuliza ananunua nini. Chenji yake, elfu mbili, bado iko kwenye droo.